Jangwa lenye miti: kunakili Hajiri wa Corot kwa rangi ya mafuta

SWALI: Mimi ni mchoraji, niko Tanga. Usharika wetu umenipa kazi ya kuchora Hajiri jangwani kwa ajili ya ukumbi, nami nimechagua kunakili picha ya mchoraji Mfaransa Camille Corot ya mwaka 1835. Wazee wa kanisa walipoiona kwenye simu wakauliza: jangwa gani hili lenye miti mikubwa? Na kisima kiko wapi? Wanataka niondoe miti, niweke mchanga na kisima. Jambo la pili, kazi yangu iliyopita ya rangi ya mafuta ilipasuka sehemu ya anga baada ya miezi minane, na sehemu za giza zikapauka kama majivu. Kitambaa nilikipaka rangi nyeupe ya maji ya ukutani, nikaziba yote kwa nyeusi, na siku ya tatu nikapaka anga juu yake. Safari hii nifanyeje?

JIBU: Miti usiiguse. Kisima pia usikiweke. Nitaeleza sababu kwanza ili uwe na la kuwajibu wazee, maana mtu anayenakili bila kujua kwa nini kitu kipo pale alipokiona, mkono wake hukilegeza bila yeye kujua.

Waambie wazee kwamba Kiswahili kina maneno mawili, jangwa na nyika, na Corot alichora la pili. Neno la Kiebrania linalotumika katika Mwanzo 21, midbar, ni nchi isiyolimwa wala kukaliwa, ambako watu hupitisha mifugo. Beer-sheba yenyewe iko ukingoni mwa Negev, sehemu kame lakini si bahari ya mchanga. Sura hiyohiyo inasema Hajiri, mjakazi aliyefukuzwa kwa Ibrahimu, alimlaza mtoto wake Ishmaeli chini ya kijiti, na baadaye Ibrahimu akapanda mti palepale Beer-sheba. Anayetoka Tanga akapanda kuelekea Mkomazi anaijua nchi ya namna hiyo: ina miti, ina vichaka, ina mawe, na bado ukiishiwa maji utakufa. Kifaransa nacho kinaruhusu hivyo. Désert kwao ni mahali patupu pasipo na watu, hata ndani ya msitu wa Fontainebleau karibu na Paris kuna sehemu ya mawe na miti inayoitwa Désert d'Apremont.

Na Fontainebleau ndiko miti ya picha yako ilikotoka. Corot, aliyezaliwa Paris mwaka 1796, hakuwahi kufika nchi za Biblia. Alikuwa amekaa Italia kuanzia 1825 hadi 1828, akarudi tena mwaka 1834, na kila alikokwenda alichora mazingira papo hapo, kwa rangi ya mafuta juu ya karatasi. Mti mkubwa wa katikati ya picha ya Hajiri aliutoa kwenye mojawapo ya vikaratasi hivyo: mialoni ya Bas-Bréau, Fontainebleau, ya mwaka 1832 au 1833, yenye sentimita 39.7 kwa 49.5. Kikaratasi hicho na picha kubwa vyote viwili viko leo katika makumbusho ya Metropolitan Museum of Art, New York. Mawe nayo yana undugu na miamba aliyoichora Civita Castellana, kaskazini ya Roma. Kwa hiyo nyika yake ameishona kwa vipande vya Ufaransa na Italia, lakini kila kipande kilichorwa mbele ya kitu chenyewe, na ndiyo maana macho yanaiamini. Ukikata mti ule ukaweka tuta la mchanga ambalo hujawahi kulichora, utaweka uongo mahali palipokuwa na ushahidi.

Wakitaka mchanga kweli, uko kwa wengine. Jean-Charles Cazin aliionyesha picha yake ya Hajiri na Ishmaeli katika maonyesho ya Salon ya 1880, na mchanga wake ni wa matuta ya pwani ya kaskazini ya Ufaransa. Picha hiyo iko Tours, Ufaransa. Nayo ni nakala nzuri ya kufanya, ila ni picha nyingine.

Kuhusu kisima: hakionekani kwa sababu saa yake haijafika. Katika Mwanzo, maji ya kiriba yanaisha, mama anamwacha mtoto na kwenda kukaa mbali kidogo asimwone akifa, analia, malaika anaita kutoka mbinguni, ndipo Mungu anamfumbua macho anaona kisima. Corot amekamata nukta iliyo kabla ya macho kufumbuliwa, tena amewasogeza mama na mtoto wakawa pamoja. Hajiri amepiga magoti, mkono mmoja juu ya paji la uso, mwingine ameuinua mbinguni. Mtoto amelala chini, hana nguvu. Malaika ameshatokea, lakini kwa mbali, nyuma, mdogo kama ndege, na sisi watazamaji tunamwona kabla ya Hajiri. Ukiweka kisima unamaliza habari ambayo Corot ameiacha wazi makusudi.

Kuna jambo moja ambalo wazee hawajauliza lakini wageni wa ukumbi wataliuliza. Ukihesabu umri ndani ya Mwanzo, Ishmaeli wakati huo ni kijana wa miaka kama kumi na sita: Ibrahimu alikuwa na miaka 86 alipozaliwa Ishmaeli, na 100 alipozaliwa Isaka, na kufukuzwa kulikuja baada ya Isaka kuachishwa ziwa. Wachoraji wa Ulaya walizoea kumchora mtoto mdogo, na Corot amefuata mazoea. Majirani zenu Waislamu watamtambua Bi Hajara mara moja, lakini kwao Ismaili alikuwa mtoto mchanga wa kunyonya, mahali ni Makka, na mama yuko mbioni kati ya Safa na Marwa, mara saba. Usijaribu kuchanganya masimulizi mawili kwenye turubai moja.

Sasa kazi yenyewe.

Picha halisi ina sentimita 180.3 kwa 270.5, yaani uwiano wa 2 kwa 3, na hiyo ni bahati yako. Ukichukua turubai la sentimita 60 kwa 90 unakuwa na theluthi moja kamili, bila kukata wala kunyoosha chochote. Chora miraba ya sentimita 10: sita kwa urefu wa kwenda juu, tisa kwa upana, jumla 54. Pakua picha kwenye tovuti ya makumbusho ya Metropolitan, maana wameiachia itumike bure, na haki za Corot zimeisha zamani, alifariki mwaka 1875. Ichapishe kwa sentimita 30 kwa 45, uipigie miraba ya sentimita 5. Hapo mraba wa karatasi na mraba wa turubai vinalingana, moja kwa mbili. Usichore ukitazama simu. Kioo chake kinawaka kwa ndani, na kila giza la Corot litaonekana jepesi kuliko lilivyo.

Fremu ya ndani itengenezwe kwa mninga uliokauka vizuri, kwa kuwa haupindi ovyo na wadudu hawaupendi. Mbao ziwe na upana wa sentimita 5 na unene wa 2, na ubao mmoja wa kukatiza katikati ya ile sentimita 90. Fundi akuachie nafasi ya kabari pembeni, mbili kila kona. Kona iliyogongwa misumari na kupakwa gundi haikazwi tena turubai likilegea, na pwani litalegea tu. Kitambaa kiwe turubai zito la pamba au la kitani. Merikani ni jepesi mno kwa ukubwa huu. Kata sentimita 75 kwa 105 ili upate cha kukunja nyuma.

Hapa ndipo kazi yako iliyopita ilipoanza kuharibika. Rangi ya maji ya ukutani ina chokaa nyingi na gundi kidogo, kwa hiyo inanyonya. Rangi ya msanii ikikaa juu yake, mafuta yanazama chini na unga wa rangi unabaki juu bila cha kuushika. Ndiyo majivu uliyoyaona. Tumia jeso ya akriliki ya wasanii, yaani rangi nyeupe ya kutayarishia turubai, ambayo nusu lita inatosha turubai hili na kubaki. Paka mara nne, nyembamba, kila safari ukivuka upande wa safari iliyotangulia. Sugua kwa msasa laini namba 220 baada ya mkono wa pili na wa nne. Kisha liache siku tatu kamili, na kama ni masika liache wiki, kwa sababu jeso huonekana kavu huku maji bado yamo ndani, na mafuta yakiyafunga humo tabaka litakuja kubanduka kama ganda la yai.

Nyufa za anga zina asili nyingine. Rangi ya mafuta haikauki kwa kuachia maji hewani. Inavuta hewa ya oksijeni na kugeuka utando mgumu, na kila rangi ina mwendo wake. Nyeusi ya mifupa ni mvivu sana, yaweza kuchukua wiki na zaidi. Rangi za udongo wa kahawia, hasa amba, hushika siku moja hadi tatu kwa sababu zina manganizi. Wewe ulitandika mvivu chini, ukaweka anga juu yake siku ya tatu. Anga ikagandia juu, nyeusi ikaendelea kusogea chini, na kitu kigumu juu ya kitu kinachosogea lazima kipasuke. Kanuni ya wachoraji wa mafuta ni ya zamani na haina njia ya mkato: tabaka la chini liwe na mafuta kidogo na likauke upesi, kila la juu liwe na mafuta zaidi kidogo kuliko lililo chini yake. Katika karne ya 19 wengi waliivunja kwa kutumia lami ya kahawia ili kupata giza lenye kina, na picha zao leo zina ngozi ya mamba. Lami hiyo haikauki kamwe.

Neno moja kuhusu jina. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta, utapewa ile ya kung'aa ya milango na mageti. Ndiyo waliyoizoea mafundi wa Tingatinga, na kwa kazi yao inafaa kabisa: rangi tambarare, mstari safi, ubao mgumu. Kwa Corot haifai. Inashika upesi mno huwezi kuyeyusha ukingo wa wingu ndani ya anga, na ukiipaka nene hugandia juu tu. Unachohitaji ni rangi za wasanii za kwenye tyubu: nyeupe ya titani ya mililita 200, na tyubu ndogo za takriban mililita 37 za oka ya manjano, siena iliyochomwa, amba mbichi, amba iliyochomwa, bluu ya altramarini, bluu ya kobalti, nyekundu ya kadmi na nyeusi ya mifupa. Nyeupe ya zinki usiinunue, huwa ngumu na dhaifu kadiri miaka inavyokwenda. Kijani cha tyubu pia kiache dukani. Kijani cha Corot kimechanganywa, kizito, karibu na rangi ya zeituni, nacho utakipata kwa oka mafungu mawili, altramarini fungu moja, na siena iliyochomwa kidogo ya kukizima makali. Kijani kikali cha kisasa kikiingia hapo, mti unaruka mbele ya Hajiri na picha imekwisha.

(Corot mwenyewe alikuwa na taabu kuliko wewe: tyubu ya bati ilibuniwa mwaka 1841. Mwaka 1835 rangi ilikuwa ikiuzwa ndani ya kibofu cha nguruwe, unakitoboa na kukiminya.)

Anza kwa mkaa, mraba kwa mraba, kisha pitia mistari kwa amba iliyochomwa iliyolainishwa na tapentaini. Pangusa mkaa uliobaki, maana ukichanganyika na anga unaichafua. Halafu paka turubai lote kwa amba mbichi nyembamba kama chai, ifute kwa kitambaa hadi ibaki rangi ya mchanga uliolowa, na uiache siku mbili.

Tabaka la kwanza la kweli ni mwanga na giza tu. Corot alishikilia kwamba umbo ndilo linatangulia, kisha uzito wa mwanga na kivuli, na rangi hufuata baadaye. Tumia amba iliyochomwa na nyeupe, rangi mafungu mawili kwa tapentaini fungu moja, bila mafuta yoyote ya kuongeza. Tayarisha vipimo vitano kwenye ubao wako, kutoka giza la chini ya miti hadi mwanga wa anga karibu na upeo wa macho, usizidishe. Ukimaliza, piga picha kwa simu ukiondoa rangi, iweke kando ya ile iliyochapishwa nayo ikiwa haina rangi. Kwa kawaida kosa litakuwa lilelile kwa kila mtu: giza la miti limekuwa jepesi na ardhi ya mbele imekuwa nyeupe mno. Rekebisha sasa. Kosa la mwanga lililofika tabaka la tatu halirekebishiki kwa rangi, utazidi kuongeza nyekundu na bluu na picha itazidi kuwa kama kalenda.

Subiri siku tatu hadi tano. Jaribu kwa ukucha pembeni: ukiacha alama, bado.

Tabaka la pili ni rangi. Changanya mafuta ya kitani fungu moja na tapentaini mafungu mawili, uweke matone tu kwenye rangi, isitiririke. Anza na anga, kutoka upeo wa macho kwenda juu. Kwa sehemu ya juu, nyeupe mafungu kumi kwa kobalti fungu moja. Karibu na upeo punguza kobalti, tia oka ncha ya kisu. Usipake nyeupe tupu popote. Anga ya Corot ni tulivu, haina samawati ya baharini, na ukali wa picha nzima uko katika utulivu huo, jua linalowaka bila kumjali mtu. Changanya anga yote kwa mkupuo mmoja na ibaki ya akiba, kwa sababu ukirudi kesho hutapata rangi ileile. Milima ya mbali ipake anga ikiwa bado mbichi ili ukingo ulainike. Mawe na ardhi vifuate, miti mwisho. Majani usiyachore moja moja: chora mwili wa mti kama wingu zito, kisha majani machache tu pembezoni ambapo anga inapenya.

Mafuta ya kupikia yasikaribie kazi hii. Ya nazi hayakauki hata siku moja, ya alizeti hukauka nusunusu. Mafuta ya taa nayo badala ya tapentaini huacha mabaki ya utelezi.

Baada ya wiki mbili utaona giza limepauka tena mahali pengine, hata kwenye jeso nzuri. Usihamaki, wala usikimbilie vanishi. Chukua mafuta ya kitani na tapentaini nusu kwa nusu, kitambaa kisichoacha nyuzi, sugua sehemu iliyopauka, ngoja dakika chache, kisha ifute hadi isibaki hata alama ya unyevu. Rangi itarudi, na unaweza kuendelea juu yake.

Watu wachore tabaka la tatu, kwa mafuta na tapentaini nusu kwa nusu. Watu ndio huvutia mkono kuharibu. Kwa Hajiri, anza na mkono ulioinuliwa: pima umbali kutoka kiganja hadi ukingo wa juu wa turubai kwa miraba, na kutoka kiwiko hadi kichwa. Ukifupishwa hata sentimita moja, kilio kinakuwa salamu. Uso usiupambe. Wachoraji wengi wa nakala humtia Hajiri macho makubwa na machozi, ilhali kazi yote imefanywa na mabega na ile mikono. Mtoto awe mzito chini. Kivuli chake kigusane na mwili bila uwazi wowote, vinginevyo ataelea. Na malaika abaki mdogo. Wazee watakuomba umkuze. Mkatalie kila mmoja wao kwa adabu, kwa sababu umbali wake ndio kipimo cha nyika: akisogea karibu, Hajiri hayuko peke yake tena.

Vanishi ingoje miezi sita kwa uchache, mwaka ni bora, nayo iwe ya aina inayoweza kuondolewa. Chagua siku kavu za kiangazi, Januari au Februari, asubuhi iliyokwisha kupata joto. Ukiipaka wakati hewa ina unyevu itafunga ukungu wa samawati usiofutika kwa kitambaa. Wakati wa kungoja, picha isifungiwe stoo: rangi ya mafuta ikikaa gizani hugeuka njano. Iweke kwenye mwanga wa kawaida wa chumba, mbali na jua la moja kwa moja.

Ukumbini, usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua ya kusi. Gundisha vipande vya mbao au vya kizibo cha chupa vya sentimita 2 kwenye kona za nyuma ili hewa ipite, na kila baada ya masika ishushe uitazame mgongo wake. Kuvu huanzia huko, kama vidoa vya kijivu, na hupanguswa kwa brashi kavu nje ya jengo kabla haijapenya.

Sahihi ya Corot usiiandike mbele. Nyuma ya turubai, juu ya ubao wa fremu na si juu ya kitambaa, andika kwa penseli: nakala ya picha ya Camille Corot ya 1835, theluthi ya ukubwa wa asili, jina lako, Tanga, na mwaka.